Shokapu za Pikipiki Pacha

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, fundi aliyeitengeneza pikipiki yetu tangu baba yu hai, na mama mwenye duka la spea, ambaye sikumfahamu na sikutaka kumfahamu. Nawataja mapema kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku ile kwa namna yake. Katika masimulizi ya baba mdogo mimi sipo kabisa. Yupo mtoto fulani mkaidi, na yupo yeye aliyemsaidia.

Ilikuwa Februari, mvua ndiyo imekolea. Tulishuka Sumbawanga kwa lori la mahindi, pikipiki imelazwa juu ya magunia. Mimi na mdogo wangu tuliishikilia kila upande kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Baba mdogo alipanda mbele na dereva, kwenye joto. Asubuhi ile nilimwamkia shikamoo kama mtu anavyolipa nauli, akaipokea kwa marahaba yake kama kondakta, bila kuniangalia usoni.

Hakuna aliyemwalika. Alikuja kushuhudia.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa natoka Mwimbi na gunia la maharage nyuma. Kwenye mteremko wa karibu na kwetu mvua ya usiku ilikuwa imekata mfereji katikati ya barabara, na maji ya matope yameujaza mfereji mpaka juu, huoni kitu. Gurudumu la mbele liliingia, gunia likanisukuma kwa nyuma, nikatua kwenye nyasi. Mimi niliumia kiganja tu. Pikipiki ilipiga magoti. Shokapu zote mbili za mbele zilipinda kurudi ndani, gurudumu likakaribia kugusa injini. Nilikaa pale kwenye nyasi nikiitazama, na jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa kiganja changu wala maharage. Nilimfikiria baba mdogo, na jinsi atakavyofurahi.

Baba alipofariki, miaka miwili baada ya mama, ukoo ulikaa kumaliza matanga. Nilikuwa kidato cha pili. Wadogo zangu watatu walikuwa nyuma yangu, wa mwisho hata kuchana nywele hajui. Walichogawana siku ile sitakiorodhesha. Shamba la baba la pembeni mwa barabara walilichukua, wakasema litarudi kwa ukoo mpaka watoto wakue, na ukoo ukawa na sura ya baba mdogo. Pikipiki ndiyo waliyobishania. Mimi ni mwanamke, walisema, nitaolewa na kuipeleka kwa watu. Nikasema shule ninaiacha, nitaiendesha, nitawalea hawa kwa hiyo pikipiki. Watu walicheka. Baba mdogo naye alicheka, kisha akatoa hukumu iliyoonekana ya huruma: ikae kwa watoto maadamu inatembea. Siku itakayosimama, irudi kwa ukoo.

Alidhani itasimama baada ya mwezi mmoja. Ilitembea miaka. Nilibeba mahindi, maharage, chumvi, sabuni, mbuzi, na mara moja bibi harusi. Wadogo zangu wawili wa kike wako bweni kwa sababu ya pikipiki ile. Kila Jumapili baba mdogo aliiona imeegeshwa nje ya kanisa, na kila Jumapili aliizunguka kidogo, akiitazama matairi kama mnunuzi.

Sasa ilikuwa imesimama. Ukoo ungekaa Jumapili inayofuata baada ya misa. Nilikuwa na muda mpaka hapo wa kuipatia miguu.

Mafundi wa pikipiki wamekaa pamoja nyuma ya soko, na duka la spea liko mbele yao, ili mtu asipate nafasi ya kufikiri kati ya kuambiwa anachokosa na kukinunua. Fundi wetu alizifungua shokapu zilizopinda, akanikabidhi moja. Niliingia nayo dukani, mikono imejaa oili, mdogo wangu nyuma yangu. Baba mdogo alikuta benchi mlangoni, akakaa, akanunua hindi la kuchemsha.

"Karibu kaka," mwenye duka alimwambia mdogo wangu. "Nikupe nini?"

"Pikipiki ni ya huyu," mdogo wangu akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Ya huyu?" Alinitazama kuanzia kitenge mpaka kwenye ndala. "Haya mama, unataka shokapu za rangi gani?"

Vijana waliokuwa wanasubiri pembeni walicheka. Baba mdogo alicheka kuliko wao, punje za mahindi zikamrukia kwenye koti.

"Nataka zinazoingia," nikasema.

Alileta mpya, ziko ndani ya boksi, zinang'aa mpaka unajiona. Mdogo wangu alizishika kwa mikono miwili. Lazima niseme ukweli, zilikuwa nzuri. Nilipozilaza kando ya ile ya zamani, juu zililingana. Chini hazikulingana hata kidogo: tundu la ekseli, kile chuma kinachoshika gurudumu, lilikuwa dogo, na mguu mmoja ulikuwa na sehemu ya kufungia breki ya diski, ilhali pikipiki yetu breki yake iko ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, kama zote za zamani.

Nilimwita fundi. Alikuja akijifuta mikono, akatazama mara moja.

"Ukichukua hizi, unachukua na habu yake," alisema. "Ukichukua habu, unachukua na ringi. Na ile breki ya diski inataka mkono wake kwenye usukani."

"Kwa hiyo ananunua pikipiki nzima kuanzia mbele kwenda nyuma," baba mdogo alisema kutoka kwenye benchi.

"Ndicho nilichokwambia tangu nyumbani, dada," mdogo wangu akadakia. "Hii ni chuma chakavu. Tuiache, tuchukue ya mkataba, tumlipe tajiri kidogo kidogo. Wenzangu wote wako kwenye mkataba."

"Wenzako wote wanakimbia wenye pikipiki zao mitaani. Ya mkataba inakuwa yako siku inapokufa."

"Angalau ni mpya."

"Mpya ya nani?"

Alizirudisha zile mpya kwenye boksi, kwa namna ile ya kuonyesha kwamba ana jibu na anakuonea aibu. Amemaliza kidato cha nne, kwa pikipiki hii hii. Nilitaka kumkumbusha hilo mbele ya watu, nikalimeza. Si kwa wema. Nililiweka akiba.

Mwenye duka akaenda stoo kuleta zilizotumika. Kwa baba nilijifunza kwamba bomba la shokapu halipimwi kwa macho. Jicho linataka kuambiwa ndiyo. Unalilaza kwenye kitu bapa kabisa na kuliviringisha. Likiwa limepinda litaruka-ruka, hata kama kupinda kwenyewe ni unene wa uzi. Kaunta ya duka lile ilikuwa ya kioo. Nilichomoa bomba la kwanza, nikalifuta kwa kitenge, nikaliviringisha juu ya kioo. Lilikwenda taratibu, kimya. La pili lilikwenda likigonga: ka, ka, ka.

"We mama! Hicho kioo si barabara!"

"Ndiyo maana nakiamini. Hili limepinda."

"Limepinda wapi? Lete." Alilinyanyua, akafumba jicho moja kama anayelenga bunduki. "Limenyooka hili. Wewe ndiye mkono wako unatetemeka."

Nikalirudisha kwenye kioo, nikaliacha lijiviringishe lenyewe kwa kuinamisha kaunta kidogo kwa goti. Ka, ka, ka. Vijana wakaacha kunicheka mimi, wakaanza kumcheka yeye, na hapo ndipo aliponichukia kikwelikweli. Alikusanya shokapu zake zote, mpya na za zamani, akazitoa mbele yangu kama mtu anayeondoa sahani mezani wageni hawajashiba.

"Nenda ukatafute duka la wenye akili," alisema. "Hapa tunauzia watu wa kawaida."

Sikuwa na ugomvi naye wa maisha. Lakini hata leo nikipita mbele ya duka lile nageuza uso, naye anageuza wake, na hilo kwangu ni salamu tosha.

Nilirudi kwa fundi. Yeye alikuwa na rundo lake la vyuma chini ya turubai, mabaki ya pikipiki zilizokufa, na kutoka humo alitoa shokapu mbili zenye ekseli sahihi na za aina ya breki yetu. Nikafurahi kwa muda mfupi sana. Zilitoka kwenye pikipiki mbili tofauti. Nilipozisimamisha pamoja, moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa kucha.

"Hilo si tatizo," fundi alisema. "Hii ndefu unaipandisha kidogo hapa juu inapobanwa, chini zinakuwa sawa. Nusu ya bodaboda za mji huu zinatembea hivyo."

"Nusu ya bodaboda za mji huu zinatembea kwenye lami. Na springi zake? Moja ni laini, moja ngumu. Nikifunga breki na gunia nyuma, itanivuta upande mmoja."

"Utaizoea."

"Mara ngapi? Mara moja tu itatosha kuniua."

Fundi alizitupa shokapu chini. Alikuwa rafiki wa baba, na kwa sababu hiyo alidhani ana haki ya kunichoka. "Sikiliza, mwanangu. Mpya hutaki. Za dukani hutaki. Zangu hutaki. Baba yako alikuwa mtu wa kuelewa. Wewe umeokota wapi hii shingo?"

"Kwa baba."

"Basi mfufue akuchagulie."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu aliangalia chini. Fundi mwenyewe aliona alipofika, akageuka, akaanza kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mvua ilianza kudondoka juu ya turubai. Niliishika pikipiki kwenye usukani. Haikuwa na mbele, wamekiinua kifua chake juu ya tofali, nikajiona mjinga kuushika usukani usioshika kitu.

Hapo ndipo baba mdogo aliposema. Hakunyanyuka. Alikuwa amemaliza hindi lake, anachokonoa meno kwa njiti.

"Zipo kwangu."

Sote tulimtazama.

"Shokapu. Zipo kwangu," alirudia. "Zile zile. Nani hajui zipo kwangu?"

Na kweli, nani hakujua? Mwaka mmoja wa ulezi mwingi, kabla mimi sijazaliwa, baba na baba mdogo walinunua pikipiki mbili siku moja, duka moja, rangi moja. Watu waliziita pacha. Ya baba ilibeba gunia tangu siku ya kwanza. Ya baba mdogo ilimbeba yeye, wakati huo karani mjini, kwenda ofisini na kanisani, mpaka injini ilipokwama na yeye akakataa kumlipa fundi, akisema mafundi wote ni wezi. Tangu hapo ilikuwa imesimama stoo nyumbani kwake, hatua chache kutoka kwetu. Nilikuwa naijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu. Nilikuwa nimeifikiria pale pale kwenye nyasi siku niliyoanguka, nikasema moyoni: heri nitembee kwa miguu.

"Umekaa hapa tangu asubuhi," nikamwambia.

"Nilitaka uchague kwanza. Si ulituambia kwenye matanga kwamba unajua? Nikasema ngoja nimwone anavyochagua."

"Na umeona?"

"Nimeona hakuna duka." Akatupa njiti. "Sasa tuongee kama ndugu. Nakupa shokapu, na pikipiki inakuwa yetu sote. Wewe unaendesha, mimi nasimamia."

"Yaani inakuwa yako."

"Ya ukoo."

"Hapana, baba mdogo."

"Jumapili itakuwa ya ukoo bila shokapu."

"Basi Jumapili. Lakini leo siitoi."

Mdogo wangu alinivuta kiwiko. Niliuondoa mkono wake. Baba mdogo alitazama mvua. Sijui alihesabu nini kichwani mwake. Ninachojua ni kwamba wanawe wote walikuwa wameondoka kwenda mijini, na vibarua wa kijijini walikuwa wameanza kumkwepa kwa jinsi anavyowazungusha malipo. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni katika lile shamba la pembeni mwa barabara.

"Haya," alisema. "Utanifukilia nyasi."

Kwetu Ufipa, mvua zikiwa zimelainisha ardhi, tunalima kwa ntumba. Unazikata nyasi ndefu, unazikusanya mafungu ya duara, unazifukia kwa udongo mpaka kila fungu linakuwa kichuguu kidogo, magotini hivi. Zinaoza humo ndani. Msimu unaofuata unavivunja vichuguu, unatawanya ule weusi wake shambani, unapanda ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndiyo mbolea yetu.

"Shamba lipi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"La barabarani."

"La baba?" mdogo wangu alisema kwa sauti.

"La ukoo," baba mdogo alisema. "Kutoka barabarani mpaka kwenye kichuguu kikubwa cha mchwa. Ufukie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, nisione umemtuma mtu. Watu wa Mwimbi wakipita, wa Sumbawanga wakipita, wakuone."

Alisema hivyo kabisa: wakuone. Hakuona haja ya kuficha.

"Sawa," nikasema.

Kurudi nyumbani mdogo wangu hakukaa kando yangu. Alikaa mkiani mwa lori, amenipa mgongo. Tuliposhuka ndipo aliponitolea yote. "Umekuwa kibarua kwenye shamba letu wenyewe, dada. Shamba la baba! Unamrutubishia! Kwa vyuma viwili vilivyonyewa na kuku!" Nilimwambia ashike usukani tuisukume pikipiki ndani. Aliushika. Tukaisukuma tukitukanana.

Kuhusu kuku alisema kweli. Siku iliyofuata fundi alikuja na mfuko wake wa spana, bado ameninunia, tukaingia stoo kwa baba mdogo. Pikipiki pacha ilikuwa imesimama gizani kama mzee aliyesahaulika kwenye sherehe. Kinyesi kilikuwa kimekauka juu ya tangi, na kwenye tandiko kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai.

"Huyo hatolewi," mke wa baba mdogo alisema kutoka mlangoni. "Mayai yanakaribia kuanguliwa. Fungueni chuma chenu, kuku wangu mwacheni."

Kwa hiyo fundi alifungua gurudumu la mbele, akazilegeza shokapu, akazishusha moja baada ya nyingine, na kuku yuko palepale juu, anatutazama kwa jicho moja na kuguna kila nati ilipokwama. Ni kitu pekee kilichonichekesha wiki ile, na sikucheka, kwa sababu baba mdogo alikuwa anacheka.

Zilipotoka niliomba kioo.

"Kioo cha nini tena?"

"Nizipime."

"Unapima za kupewa?"

"Hujanipa. Nitazifukilia nyasi."

Nyumbani kwake hakuna meza ya kioo. Lakini sebuleni kuna picha kubwa ya ukutani, yenye fremu, ambayo nimeiona maisha yangu yote: baba na yeye, vijana, kila mmoja amekaa juu ya pikipiki yake mpya, wamevaa suruali pana, wanacheka. Niliishusha kabla hajanikataza. Niliilaza sakafuni, nikapiga magoti, nikachomoa bomba la kwanza, nikalifuta, nikaliviringisha.

"Unaviringisha chuma juu ya uso wa baba yako!" Sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa mara ya kwanza tangu matanga nilisikia kitu kisichokuwa dharau.

"Na wako, baba mdogo."

Bomba lilikwenda kimya kutoka shavu la mmoja mpaka shavu la mwingine. La pili nalo lilikwenda kimya. Fundi alipiga magoti kando yangu, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza ukutani, na nilijua hasira zake zimekwisha kwa sababu alisahau kuzionyesha.

"Kama zimenunuliwa jana," alisema.

"Zimenyooka kwa sababu hazijawahi kubeba kitu," nikasema, nikairudisha picha ukutani. Niliirudisha sawasawa. Hakuna aliyeniambia asante, na sikuiomba.

Fundi alibadilisha sili za mipira zilizokauka, akatia oili mpya, akazifunga kwenye pikipiki yetu. Niliikalia, nikaibonyeza mbele kwa uzito wangu wote. Ilishuka, ikapanda, ikatulia. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, bado amenuna. Alikuja naye akaibonyeza. Aliibonyeza tena.

Jumapili niliiendesha mpaka kanisani, nikaiegesha pale pale pa siku zote. Ukoo ulikaa baada ya misa kwenye ukumbi wa nje, wazee kwa vijana, na kabla mtu hajauliza chochote baba mdogo alisimama. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, amezoea kusimama.

"Nilitaka wote mjue," alisema. "Mtoto wa kaka yangu alikwama. Mimi sikumwacha. Nimetoa shokapu za pikipiki yangu mwenyewe, nimemsaidia. Sikumuuzia, maana damu haiuziani. Naye, kama mtoto mwenye adabu, atanirudishia mkono kwenye shamba la barabarani."

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alinong'ona kwamba kumbe ana moyo. Nilipiga makofi na mimi. Nilikuwa nimesikiliza kila neno, kwa umakini ule ule niliosikilizia bomba kwenye kioo, na mahali fulani katika maneno yale nilisikia ka, ka.

Jumatatu nilianza. Nilifukia asubuhi kabla ya kwenda na mizigo, na jioni nikirudi. Watu wa Mwimbi walipita, wakaniona. Watu wa Sumbawanga walipita, wakaniona. Wengine waliniambia pole na kazi, wengine walipunguza mwendo wapate kuhakikisha ni mimi. Wafugaji waliohamia kwetu walipitisha ng'ombe pembeni na kunisifia mgongo. Baba mdogo alipita kila siku na kufuli kubwa mkononi, sijui anakwenda kufunga nini, akasimama barabarani akisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, "Fukia vizuri, mama, nyasi zisichungulie!"

Safu ya kwanza ilipokamilika nilitoa maharage kwenye pindo la kitenge, nikaanza kupanda juu ya ntumba, punje kwa punje.

Alikuja mbio. "Hayo nini?"

"Maharage."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Nani kakwambia upande?"

"Nani hajui?"

Kwa sababu kwetu ni hivi, na mama alinifundisha hivyo kama alivyofundishwa na mama yake: kibarua hulipwa akaenda zake, lakini ndugu aliyerudisha mkono, aliyefukia kwa jembe lake bila kulipwa, maharage ya juu ni yake. Na mwenye maharage ndiye anayevunja ntumba zake msimu unaofuata, na anayezivunja naye hupanda hapo kipande chake. Baba mdogo alikaa mjini miaka mingi akiajiri vibarua. Alikuwa amelisahau hilo, kama mtu anavyosahau jino lisilouma.

"Wewe umeshalipwa!" alisema. "Shokapu!"

"Ulisema hukuniuzia. Ulisema damu haiuziani. Ulisema ninarudisha mkono." Nilikuwa nimesimama na jembe, barabarani wamesimama wanawake wawili wenye mabeseni kichwani na mzee mmoja na baiskeli yake. "Kama ni malipo, niambie sasa mbele ya hawa kwamba Jumapili ulisema uongo pale kanisani."

Mmoja wa wale wanawake alishusha beseni lake ili asikilize vizuri.

Baba mdogo aliwatazama. Alikuwa amelichagua shamba lile kwa sababu ya barabara, na barabara ilikuwa imejaa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, tusi la Kifipa ambalo sitaliandika, kwa kuwa ni la mama yangu, na akaondoka na kufuli yake.

Nilipanda mpaka mwisho wa safu.

Maharage yale tuliyala sisi. Mvua zilizofuata mdogo wangu alikuja shambani bila kuitwa, na jembe lake begani. Nilimkumbusha kwamba mkataba ulikuwa wa mkono wangu peke yangu. Akasema ule ulikuwa wa kufukia, kuvunja hakuna aliyekutaja. Tukazivunja pamoja, tukapanda ulezi, kwenye shamba la baba, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Bado tunatukanana, lakini sasa tunatukanana tukiwa kwenye safu moja.

Pikipiki inatembea. Shokapu hazijavuja hata tone. Baba mdogo bado anaizunguka kila Jumapili nje ya kanisa, ila sasa anaangalia mbele tu, pale chini ya usukani, akitazama mali yake inayobeba magunia. Nikikutana naye namwamkia shikamoo. Anajibu marahaba. Halafu anauliza lile lile, kwa sababu hana lingine la kuniuliza mbele ya watu:

"Umemaliza?"

Kutoka barabarani kwenda juu nimefukia karibu kote. Kimebaki kipande cha mwisho, kile kinachopakana na kichuguu cha mchwa. Nyasi zake ni ndefu, nzuri, zingeoza vizuri. Siku nitakayozifukia tutakuwa tumelipana, na nitakuwa sina neno tena la kuingilia katika shamba lile. Nimekuwa nikifukia kote kunakokizunguka kila mwaka, na mwaka unaofuata navunja, napanda, na kile kipande nakipita nikielekea nyumbani.

"Bado, baba mdogo," namwambia. "Kimebaki kidogo."